Boda imeshakula milioni mbili, uitengeneze tena ama uiuze?

Ndugu yangu, umeuliza kama utie laki sita zingine kwenye injini ya boda sababu ushatia milioni mbili na unaona uchungu kuiachia sahii. Hizo milioni mbili zishaenda, utengeneze usitengeneze hazirudi, zitoe kabisa kwenye hesabu. Jiulize hivi tu, kama hiyo boda ingekuwa ya mtu mwingine, imesimama hapo stejini inatoa moshi wa buluu na inakunywa oili kila siku mbili, ungelipa bei yake ya leo halafu uongeze laki sita juu? Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha tangu 1979 kwamba hasara inatuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha, ndo maana mtu anang'ang'ania. Mimi nilifanya hivyohivyo na mashine ya kusaga mahindi kule Iganga, Uganda, mota nimebadilisha mara mbili, kumbe nilikuwa naogopa tu mke wangu aone nimepoteza. Na usimwulize fundi yuleyule anayelipwa kwa hiyo kazi, mpelekee mwingine aisikilize, na kabla hujaenda andika bei yako ya mwisho ya kutengeneza kwenye karatasi, akiipita, uza.