Andika na saa pembeni ya kipimo

Geti la kwanza nililolifunga bila bosi wangu kusimama nyuma yangu lilikuwa la Tabata, mwezi wa kwanza, saa moja asubuhi. Mabawa mawili, kila moja mita mbili, bati limepakwa rangi nyeusi kwa sababu mwenye nyumba alitaka nyeusi na si nyingine. Pale bawa linapokutana na bawa niliacha upenyo wa kupitisha vocha ya simu. Nikajisifu moyoni: kazi safi, hata mwanga haupiti. Saa nane mchana simu ikaita. "Fundi, geti lako limegoma. Gari liko ndani na mama anatakiwa kliniki."

Nilikuta mabawa yamebanana kifua kwa kifua. Kitasa kinazunguka, geti haliendi. Nikadhani nguzo imelala, nikatoa pimamaji. Nguzo ipo wima kama ilivyokuwa asubuhi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini ng'ambo ya barabara akasema tu, "Limwagie maji." Ndoo ya tatu likaachia lenyewe. Watoto walishangilia. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, saidia fundi wa leo na waliotoka chuo juzi, kwa sababu shuleni wote tuliimba kwamba vitu hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, tukapata alama, halafu tukaingia kazini tukapima kana kwamba ule ulikuwa wimbo wa darasani tu.

Kariri namba moja: chuma cha urefu wa mita moja, joto lake likipanda nyuzi 100, kinaongezeka milimita 1.2. Namba nyingine zitafuata. Asubuhi ile bati lilikuwa kwenye nyuzi 25 hivi. Mchana, bati jeusi linalotazamana na jua linafika 60 bila taabu. Tofauti ni 35. Mita nne, mara 1.2, mara 0.35, unapata kama milimita 1.7. Vocha haifiki hata nusu milimita. Nguzo za zege zenyewe ni nene, zinapata joto polepole na hazikusogea kumpisha mtu. Geti lingeenda wapi?

Tangu hapo daftari langu lina tabia moja ambayo vijana wangu huicheka: kila kipimo kina saa pembeni yake. "3,985, saa mbili asubuhi, mawingu." Ukinipa kipimo bila saa nitakurudisha site.

Kwenye kuchomelea ndiko mtakakolia zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Geti la Tabata lilitanuka likarudi. Fremu iliyochomelewa vibaya inapinda na hairudi. Kijana anakata skwea paipu vizuri, anapanga sakafuni, anapima kona kwa kona, vipimo vinalingana. Anaanza kona ya kwanza, anaijaza weldi mpaka mwisho, anahamia ya pili, anaijaza. Akifika ya nne paipu haikutani na mwenzake. Imekwenda pembeni kidole kizima. Hapo ananyanyua nyundo.

Sikiliza kinachotokea. Pale penye moto chuma kinataka kutanuka, lakini chuma jirani bado ni cha baridi na hakipishi. Kile cha moto kimelainika, kwa hiyo kinajibana chenyewe, kinanenepa badala ya kurefuka. Kinapopoa kinaanza kusinyaa kikiwa tayari kimejibana, kwa hiyo kinaishia kifupi kuliko kilivyokuwa kabla hujakigusa. Na kinavuta. Weldi ikipoa huwa inavuta kuelekea upande wake, siku zote, na nguvu yake hushinda mikono yako na magoti yako.

Kwa hiyo shikiza kwanza kona zote nne kwa nukta ndogo ndogo, pima tena kona kwa kona, ndipo uanze kujaza. Na ujaze kidogo hapa, uruke kona ya mkabala, urudi. Kama bati ni jembamba, usivute mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, litakunja uso kama chapati kwenye kikaango cha moto sana. Na ukishajua kwamba weldi inavuta, unaweza kuitumia. Paipu iliyopinda, tafuta upande uliovimba nje, pasha doa moja tu pale mpaka liwe jekundu, uache lipoe. Itajivuta kuelekea pale ulipopasha, inyooke bila nyundo. Mara ya kwanza bosi wangu alipofanya hivyo mbele yangu nilidhani anakosea upande.

Usimwagie maji chuma cha kusubu, kama bloku ya injini, kikiwa bado cha moto. Nje kinasinyaa ghafla, ndani bado kimetanuka, na utasikia mlio mmoja mdogo ambao utakugharimu bloku nzima. Waliokulia na taa ya chemli wanaujua mlio huo: tone moja la mvua kwenye kioo chenye moto, kimepasuka. Wapasua mawe wa Mwanza wanafanya hivyo kwa makusudi, wanawasha moto juu ya jabali mpaka tabaka la juu litanuke na kuachana na la chini.

Sasa nati. Hapa nimebishana na vijana wengi. Nati imeganda kwenye bolti kwa kutu, unamwambia aipashe moto, anakataa: "Ikitanuka si tundu litabana zaidi?" Halibani. Chukua flatiba, ule ukanda wa chuma bapa, ipime, ipashe, imerefuka. Sasa ikunje iwe duara: mzunguko mrefu zaidi ni tundu kubwa zaidi. Tundu hutanuka sawasawa na chuma kinacholizunguka. Pasha nati, epuka kupasha bolti, na zungusha upesi kabla joto halijahamia ndani. Beringi nayo inaingizwa kwenye shafti kwa njia hiyohiyo: ichemshe kwenye oili, shafti ibaki baridi, itateleza yenyewe kwa mkono wenye glavu. Usiivushe nyuzi 120 na usiipige moto wa gesi moja kwa moja, utaharibu ugumu wa chuma chake.

Wa mabati, nanyi. Bati la mita sita usiku lina nyuzi 20, mchana wa jua kali 65. Piga hesabu: zaidi ya milimita 3, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Msumari unaolishikilia unatikiswa hivyo mwaka mzima, na ndiyo maana baada ya misimu michache unaukuta umechomoza na paa linavuja pale pale. Skrubu zenye mpira zinavumilia zaidi, ila wengi wenu mnazikaza mpaka mpira unatoka nje kama ulimi. Mpira ukishapondwa hauna kazi tena. Kaza mpaka ulale, acha. Na mteja akikupigia kwamba jioni kuna mtu anatembea juu ya paa, usimcheke wala usimwitie mganga. Jua likizama bati linasinyaa, misumari inalizuia, nguvu inajikusanya, halafu linateleza mara moja: tak! Nimewahi kupanda juu saa moja usiku na tochi ili mama mmoja alale.

Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, milimita 2.3 kwa mita kwa nyuzi 100. Dirisha la alumini lisibanwe ukutani kwa saruji pande zote. Acha nafasi, jaza silikoni. Kioo kinatanuka chini ya nusu ya alumini, kwa hiyo nacho kiachiwe pumzi ndani ya fremu.

Zege na nondo tumependelewa. Vinatanuka karibu sawa, zege milimita 1 hivi pale nondo ikifikia 1.2, na ndiyo maana jengo linapigwa jua miaka hamsini bila nondo kujichomoa ndani. Kama nguzo zingefungwa kwa vyuma vya alumini sijui tungeishi wapi.

Tailizi sitasema mengi. Mteja atakwambia hataki kuona mstari. Mwoneshe zilizobinuka katikati ya sebule kama paa la kibanda, zimesimama mbili mbili vichwa vikigusana, ndipo umuulize tena. Milimita 2 au 3 kati ya tailizi na tailizi, na pembezoni mwa ukuta acha kama 8, sketi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaficha.

Plastiki ndiyo inayonitisha. Bomba jeusi la poli linatanuka milimita 20 hivi kwa mita kwa nyuzi 100, zaidi ya mara kumi na tano ya chuma. Niliwahi kusaidia kulaza mita mia moja za bomba hilo shambani, saa saba mchana, tukalivuta likanyooka kama rula, tukaunga pande zote mbili, tukaenda kula. Bomba lilikuwa la moto hata kulishika ilikuwa kazi, tuseme nyuzi 55. Usiku likashuka mpaka 30. Tofauti ya nyuzi 25 kwa mita mia ni nusu mita nzima. Asubuhi tulikuta limejichomoa kwenye kiungo na tangi la lita elfu tano limemwagikia mahindi. Siku hizi nalilaza kwenye mtaro likipinda pinda kama nyoka, nalifukia, na kiungo cha mwisho nakifunga alfajiri ya kesho yake, likiwa limeshapoa ndani ya udongo.

Imebaki mbao, na hapa daftari langu lilinidanganya. Mlango unaokwama wakati wa masika haujatanuka kwa joto. Mbao zinakaribia kutojali joto; zinachojali ni maji. Zinakunywa unyevu wa hewa na kuvimba kwa upana, urefu unabaki karibu vilevile. Jirani yangu wa karakana, seremala mzuri kunishinda mbali, alitengeneza milango sita ya mninga hapa Dar mwezi wa nne, mvua zikinyesha, ikapelekwa Dodoma. Mimi ndiye niliyempimia fremu za chuma, na saa niliandika. Mwezi wa nane tukaitwa. Milango yote ilikuwa inacheza ndani ya fremu, na mitatu ilikuwa na ufa wa kupitisha sarafu katikati ya paneli. Seremala akapiga magoti, akapitisha kucha kwenye ufa, akasema, "Nilizitia gundi pande zote." Paneli ilitaka kusinyaa, gundi ikaishika huku na huku, ikachanika katikati.

Alizitengeneza upya. Safari hii paneli zimekaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi hata tone, ukiisukuma kwa kidole inasogea kidogo. Na kwenye daftari, chini ya saa, nikaongeza mstari wa mwezi na wa mji.