Maji ya chupa hayatibu ubongo

Mtoto akigongwa kichwa uwanjani, huku kwetu hufanyika mambo mawili kabla dakika haijaisha. Anamwagiwa maji kichwani, halafu anaulizwa, "Vipi, uko fiti?" Anasema yuko fiti, wenzake wanapiga makofi, refa anapuliza filimbi, mpira unaendelea. Maji hayana ubaya, yanaburudisha. Tatizo ni lile swali. Limeulizwa kwa ubongo uleule ulioumia, na jibu lake limepokelewa kama cheti cha daktari.

Mzazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayejiuliza kama amruhusu mtoto kucheza mpira, jibu letu ni amruhusu, mradi pembeni mwa uwanja awepo mtu mzima mwenye ubavu wa kumtoa mtoto na kukataa kumrudisha, hata kama timu inaongozwa na kona imebaki moja. Mtu huyo akikosekana, viatu vizuri na uwanja wenye nyasi havitasaidia kitu.

Kwanza tuelewe kinachotokea ndani. Chukua parachichi lililoiva sana, litikise karibu na sikio; mara nyingi utasikia kokwa likicheza. Ubongo nao haukushikizwa kwenye fuvu, unaelea ndani ya maji yake. Kichwa kikisukumwa au kikizungushwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unafuata kwa kuchelewa, na nyuzi zake laini zinavutika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Unaweza kutokea hata kichwa kisipoguswa, kwa mfano mtoto akipigwa kikumbo cha kifuani kikamyumbisha shingo. Walio wengi hawazimii. Na picha ya CT skeni kwa kawaida huonyesha ubongo uko sawa, kwa sababu skeni hutafuta damu na mifupa iliyovunjika. Nyuzi zilizovutika haizioni. Kwa hiyo "skeni imetoka safi" haina maana ya kwamba mtoto acheze Jumamosi ijayo.

Watu wazima nao hupitwa. Mwaka 2014, fainali ya Kombe la Dunia pale Maracanã, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa na bega la Ezequiel Garay wa Argentina. Aliendelea kucheza kwa takriban robo saa, akamfuata refa Nicola Rizzoli na kumuuliza kama ile ndiyo fainali yenyewe. Alitolewa dakika ya 31. Ikiwa hilo liliwapita madaktari wa timu ya taifa, usimlaumu sana mwalimu wa michezo anayesimamia watoto arobaini peke yake. Mfundishe cha kutazama.

Mapigo mengi yanayoleta mtikisiko hayatoki kwenye mpira wenyewe. Hutoka kwa wachezaji wawili kuruka pamoja na kugongana kichwa kwa kichwa, kiwiko kilichoinuliwa, goti la kipa anayetoka golini, nguzo ya goli na ardhi. Ardhi huku kwetu si jambo dogo: kuanzia Juni, viwanja vingi vya shule hukauka vikawa kama sakafu, na huo ndio msimu ambao shule huwa katika maandalizi au mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Goli lililochimbiwa halina neno kubwa, ila goli la chuma la kuhamishika lisilofungwa chini limewahi kuua watoto katika nchi mbalimbali. Lichomekwe vyuma ardhini au liwekewe mifuko ya mchanga upande wa nyuma, na asiachwe mtoto kuning'inia kwenye mwamba.

Kuhusu kupiga kichwa, hapa wazazi wanachanganywa na video za mtandaoni. Nyingi ya hizo zinazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana kwa makusudi kila mchezo unapoanzishwa. Huko ndiko daktari Mnigeria, Bennet Omalu, alikouchunguza ubongo wa Mike Webster aliyefariki mwaka 2002, akakuta ugonjwa unaoitwa CTE, unaohusishwa na mapigo yaliyorudiwa kwa miaka mingi na unaothibitishwa baada ya kifo tu. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kuukuta kwa 110 kati ya wachezaji 111 wa ligi kuu ya huko. Namba hiyo inatisha, lakini ubongo ule ulitolewa kwa utafiti na familia za marehemu, nyingi zikiwa tayari zimeona dalili kwa ndugu yao. Huwezi kuigeuza ikawa asilimia ya wachezaji wote, seuze kuihamishia kwa mtoto wa darasa la nne anayecheza chandimu Mwanjelwa.

Mpira wetu wa miguu una ushahidi wake. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Glasgow kilitoa utafiti uliolinganisha wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland wapatao 7,676 na watu wengine wa rika lao. Wachezaji walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi. Uchambuzi uliofuata mwaka 2021 ulionyesha mabeki ndio walioathirika zaidi, ilhali makipa hawakutofautiana na watu wa kawaida. Beki hupiga kichwa sana, kipa hapigi, kila mtu anaweza kuona hesabu hiyo inaelekea wapi. Lakini wachezaji haohao waliokufa kwa magonjwa ya moyo walikuwa wachache kuliko wenzao wa rika lao, na wote walikuwa watu waliofanya kazi hiyo kwa miaka, siyo watoto wa jioni mbili kwa wiki.

Kwa tahadhari, Marekani ilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 na chini wasipige kichwa kabisa, na wa 11 hadi 13 wapunguziwe mazoezini. England, Scotland na Ireland Kaskazini ziliondoa kupiga kichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi mwaka 2020. Tunashauri kocha wa mtaani afuate njia hiyohiyo: chini ya miaka 12, hakuna mazoezi ya vichwa. Kona zipigwe chini, kipa agawe mpira kwa mkono au kwa pasi fupi, na mpira wa kurusha upokelewe kwa kifua au paja. Hakuna kipaji kitakachopotea. Mtoto wa miaka tisa shingo yake bado nyembamba na kichwa chake kizito kwa mwili wake. Anachojifunza kwenye zoezi la vichwa ni kufumba macho.

Akifika umri, aanze na mpira mwepesi, arushiwe kwa mkono kutoka mita tatu hivi, apige kwa paji la uso, macho wazi, kidevu kikivutwa ndani, meno yameumana, shingo imekazwa kabla mpira haujafika. Mipira mitano au sita inatosha kwa siku, na siku moja kwa wiki inatosha.

Tazama na mpira wenyewe. Namba 5 una gramu 410 hadi 450, na ni wa kuanzia miaka 13 au 14. Watoto wa miaka 9 hadi 12 wanatakiwa namba 4, wadogo zaidi namba 3. Shule nyingi zina namba 5 tu, unaochezewa na darasa la pili hadi la saba. Ukijazwa kwa pampu isiyo na geji hadi unalia kama debe, au ukilowa mvua za Tukuyu na ngozi yake imechunika, unakuwa jiwe. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili: uingie kidogo. Mpira wa makaratasi na nailoni hauna madhara ya kuzungumzia.

Zile kofia laini kama aliyovaa Petr Čech usizitafute. Yeye alivunjika fuvu mwaka 2006, na kofia ilikuwa ya kulinda mfupa uliokwisha kuumia. Haijathibitishwa kwamba kofia hizo huzuia mtikisiko, na mtoto aliyevishwa hujiona hawezi kuumia.

Sasa siku ya tukio. Mtoto akibaki chini bila kutikisika, akiinuka akiyumba, akishika kichwa, akikodoa macho kama hakuoni au akikimbilia upande usio wake, atoke. Umwondoe kwanza, umkague ukiwa pembeni. Maswali ni haya: Hapa ni uwanja gani? Ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga goli la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Kwa mdogo: sasa ni asubuhi au mchana, na mwalimu wako anaitwa nani? Mtajie siku za wiki azirudishe kinyumenyume kutoka Jumapili. Msimamishe mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde ishirini. Akikosea hata kimoja, au akisema kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unamuumiza, siku hiyo imekwisha kwake. Akipita yote lakini wewe una wasiwasi, imekwisha vilevile. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo kupita maswali si kibali cha kurudi.

Aliyezimia msimwinue, msimpe maji ya kunywa, msimnusishe kiatu. Mchukulieni kama aliyevunjika shingo. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa akishike kwa mikono miwili kisitikisike. Akianza kutapika au akikoroma, watu watatu au wanne wamgeuze ubavu kwa pamoja kwa hesabu ya yule aliyeshika kichwa.

Kuna dalili ambazo ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika zaidi ya mara moja, usingizi mzito asioamshika vizuri, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani au sikioni, damu iliyovilia nyuma ya sikio, maumivu ya shingo. Damu ikivuja kati ya fuvu na ubongo, mtoto anaweza kuamka, akaongea vizuri kwa saa nzima, kisha akaporomoka. Anayetoka Ludewa au vijiji vya Makete asisubiri aone kutakavyokucha. Kadiri mlivyo mbali na CT skeni ndivyo mnavyopaswa kuondoka mapema. Pigeni simu mapema kuuliza kama mashine inafanya kazi. Bodaboda hapana. Tafuteni gari ambamo atalala, hata Kirikuu iliyotandikwa godoro.

Asiye na dalili hizo apelekwe kituo cha afya akakaguliwe, kisha arudi nyumbani na asiachwe peke yake kwa saa 24. Kulala ruksa, ile habari ya kumkesha macho haina msingi, ila umguse usiku uone anapumua vizuri na anaitikia. Maumivu yatulizwe kwa parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziwekwe kando siku mbili za mwanzo, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Tena, mtoto akiamka Jumapili anatapika na kichwa kinamuuma, usikimbilie dawa mseto ukidhani malaria. Apimwe, na mwambie daktari kwamba jana aligongwa. Watoto wengi hulificha hilo wakiogopa kukatazwa mpira.

Siku mbili za kwanza ni kupumzika: simu na televisheni kidogo kabisa, kutembea polepole kunafaa. Kisha shule, hata nusu siku, bila tyusheni ya jioni. Kazi za nyumbani husahaulika hapa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa hichohicho na shingo hiyohiyo. Isibebwe mpaka apone, wala kuni, wala jembe. Wasichana ndio hubebeshwa zaidi, na katika mpira wa miguu hao ndio hupata mtikisiko zaidi kuliko wavulana.

Mpira urudi kwa ngazi: kutembea haraka, kukimbia taratibu, kukimbia na mpira peke yake, kisha pasi na wenzake bila kugusana. Kila ngazi ichukue angalau siku nzima. Dalili zikirudi, ashuke ngazi moja. Mazoezi ya kugusana yasubiri hadi amekaa siku 14 bila dalili yoyote, na mechi isiwe kabla ya siku 21. Hiyo ndiyo kanuni ya Uingereza kwa michezo ya mtaani tangu 2023, na inatufaa zaidi sisi tusio na daktari pembeni. Aliyeumia Jumamosi, mechi yake ya karibu kabisa ni Jumamosi ya tatu baada ya hiyo. Haraka hii inakatazwa kwa sababu pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuuvimbisha ubongo ghafla, na wanaokufa hivyo ni nadra lakini wengi wao ni vijana wadogo.

Tungemzuia mtoto katika hali chache: amepata mtikisiko wa pili msimu huohuo, dalili zimevuka wiki nne, aliwahi kuvuja damu au kupasuliwa kichwani na daktari hajaruhusu, au kocha wake ni wa kusema "inuka, wewe mwanaume". Huyo wa mwisho hana tiba, hama timu.

Kama mtoto yuko bweni, usitegemee kwamba habari itapita yenyewe kutoka uwanjani hadi chumbani. Andika karatasi moja yenye tarehe ya kugongwa, dalili za hatari, dawa asizopewa na tarehe ya mwanzo ya kurudi mchezoni. Nakala moja kwa matroni au patroni, moja kwa mwalimu wa darasa, moja kwa mwalimu wa michezo. Na mwambie rafiki anayelala kitanda cha jirani, maana saa nane za usiku yeye ndiye atakayemsikia akitapika.