Uliza Ujibiwe: Taa za Sikukuu Kwenye Bustani ya Wanyama

Tunaishi Cincinnati. Desemba tunataka kuwapeleka watoto bustani ya wanyama kuona Festival of Lights. Wanyama wanaonekana usiku? Na taa zote zile haziwasumbui?
*Mama wa wawili, Ohio*

Mama, maonyesho hayo yapo tangu 1982, na wageni wengi hufuata taa zaidi kuliko wanyama. Kama watoto wanataka wanyama, fikeni mapema: katikati ya Desemba jua huzama huko kama saa 11:15 jioni, na wanyama wengi wa nchi za joto hulazwa ndani baridi ikizidi. Majengo ya ndani yakiwa wazi, anzieni huko.

Kusumbuliwa kunategemea mafundi. Mwili wa mnyama hujua saa kwa giza, hivyo taa inayomulika banda usiku kucha huvuruga usingizi, hata majira ya kuzaa. Dawa yake ni kufunga taa upande wa njia ya wageni, kuzielekeza mbali na mabanda, na kuweka taima izime zote wageni wakishaondoka. Kwa maoni yetu spika za muziki zinahitaji uangalizi zaidi kuliko taa, maana sauti haizuiliki kwa kugeuza balbu.

Nimepata kibarua cha kufunga taa za miti Marekani. Mvua ikinyesha umeme unakatika, na baadhi ya misururu inawaka nusu tu. Tatizo nini?
*Kijana wa kazi, Columbus*

Hayo ni matatizo mawili, ndugu. Soketi za nje za Marekani zina kinga inayokata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 5. Maji yakiingia kwenye maungio ya plagi, uvujaji mdogo wa kila msururu hujumlika mpaka kinga inakata. Usiiruke kinga hiyo hata msimamizi akikuharakisha. Inua kila ungio sentimita 15 au zaidi kutoka ardhini, uso wa plagi uangalie chini, na waya uning'inie kidogo kabla ya ungio ili maji yadondokee hapo. Kisha gawanya misururu kwenye soketi zenye kinga tofauti. Wengi huzungushia selotepu ungio zima. Maji hupenya vilevile, halafu hayana pa kutokea.

Msururu wa balbu ndogo 100 za zamani ni mafungu mawili ya balbu 50 zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ya volti 2.5. Balbu iliyoungua kwa kawaida hupitisha umeme kwa kiwaya kilichomo ndani yake, lakini iliyolegea au kuchomoka huzima fungu lote. Kandamiza moja moja, angalia kutu kwenye vishikio na alama za meno ya kindi kwenye waya. Waya uliotafunwa, tupa msururu mzima. Iliyoungua ibadilishe siku hiyohiyo: tano zikifa, 45 zilizobaki zinabeba volti 2.67 kila moja, nazo zitafuata.

Piga hesabu ya mzigo pia. Saketi ya ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1,800, na kwa taa zinazowaka saa nyingi usizidishe wati 1,440. Msururu wa zamani wa balbu 100 hula kama wati 40, kwa hiyo 36 ndio mwisho. LED hula sehemu ndogo tu ya hapo, lakini idadi ya kuunganisha mmoja nyuma ya mwingine fuata lebo. Shina la mzingo wa sentimita 60, urefu mita 2, ukiacha sentimita 10 kati ya mizunguko, linataka waya wa mita 12 na ziada. Usikaze, shina hunenepa na waya hulikaba.

Dada kaniletea taa hizo kutoka Marekani. Nikinunua adapta ya plagi zitawaka Dar?
*Msomaji, Kinondoni*

Zikiwa za volti 120 tu, zitawaka muda mfupi sana, halafu zitaungua. Adapta hubadilisha miguu ya plagi tu, haipunguzi volti 230 za kwetu. Kubadilisha fyuzi hakusaidii. Soma kibandiko: kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, adapta inatosha. Kikiandikwa 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati kuzidi za taa zote, na kwa misururu miwili au mitatu ni nafuu kununua LED za volti 230 Kariakoo.