Kuacha ugali hakuui saratani ya tezi dume

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Newala. Baba yangu ana miaka 69, aligundulika na saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, akaanzishiwa huko Mtwara sindano ya homoni ya kila miezi mitatu. Mwezi huohuo muuza dawa mmoja wa Masasi akamwambia saratani inakula sukari, kwa hiyo aache ugali, wali, muhogo na matunda, anywe unga wake wa kuongeza kinga. PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, imeshuka kutoka 140 hadi 3. Muuzaji anasema ni unga wake, sindano sasa aache. Baba amekonda sana. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sindano asiache, na ugali arudishiwe leo. PSA imeshushwa na sindano, ndivyo inavyotarajiwa miezi ya mwanzo. Huyo bwana ameikuta kazi imeshafanyika, anadai ujira.

Hili la sukari silipitii juujuu, maana siku za kliniki siwakosi wazee waliokondeshwa nalo. Chanzo chake ni cha kweli. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona seli za saratani zikivunja sukari kwa pupa na kumwaga asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapotosha. Wauza unga wameishia hapo. Tezi dume ina tabia yake: seli zake zenye afya hujaza zinki, na zinki hiyo huzuia sitreti, kemikali ambayo seli nyingine huiunguza kupata nguvu, isiunguzwe, kwa kuwa inahitajika kwenye shahawa. Saratani ikianza, seli hupoteza zinki, huanza kuiunguza sitreti yenyewe, na hutegemea sana mafuta, mengine yakiwa ya kujitengenezea zenyewe. Ndiyo maana kipimo cha picha cha PET kinachotumia sukari yenye mionzi, ambacho huonyesha vizuri saratani nyingine nyingi, mara nyingi hakiioni ya tezi dume ikiwa changa. Ulafi wa sukari huonekana zaidi baadaye, ugonjwa ukishakuwa sugu kwa matibabu ya homoni.

Na hata ingekuwa inakula sukari tupu, mtu akiacha wanga sukari ya kwenye damu haiishi. Ini hutengeneza nyingine, na sehemu kubwa ya malighafi ni misuli ya mgonjwa. Uvimbe unaendelea kula, anayepungua ni mzee. Ni sawa na kukata mkorosho ili kuua ubwiriunga, ule ukungu unaoushambulia.

Kinachoibana saratani hii ni kunyimwa testosteroni, homoni inayoziamuru seli zake kutengeneza mafuta na kuzaliana. Charles Huggins alilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapata Tuzo ya Nobel. Sindano ya baba yako inafanya kazi hiyohiyo. Kama nauli ya kuja Mtwara inawashinda, ulizieni upasuaji wa kuondoa korodani. Hufanyika mara moja, na testosteroni hushuka vilevile.

Kuhusu kinga: seli zake hazijalala kwa kukosa majani ya porini. Zikifika kwenye uvimbe zinaweza kukuta asidi ya laktiki inazidhoofisha, chakula kimeshachukuliwa, na seli nyingine za kinga, zenye kazi ya kutuliza wenzao, zikistawi humohumo. Tena seli T, askari wa kinga, inapopigana inahitaji sukari kwelikweli. Dawa za kuifungua breki kinga, ambazo msingi wake uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Nobel ya 2018, zimebadili matibabu ya saratani ya ngozi na ya mapafu, lakini kwa tezi dume husaidia wachache. Sipuleucel-T, tiba ya kinga ya saratani ya tezi dume iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, hutengenezwa kwa seli za damu ya mgonjwa mwenyewe, na iliongeza maisha kwa wastani wa miezi 4 hivi. Halafu mtu ananiwekea mezani chupa ya maji ya nusu lita yenye unga wa kahawia, kifuniko kimezungushiwa selotepu, karatasi imeandikwa kwa kalamu "KINGA + TEZI", eti unaponya!

Sukari ina hoja yake, ila si hiyo. Sindano hupunguza misuli, huongeza mafuta tumboni, huweza kupandisha sukari ya damu na kudhoofisha mifupa. Kwa hiyo apimwe sukari, apunguze soda na chai tamu, ale ugali wa kiasi kwa samaki, mbaazi na kisamvu, na atembee kadiri mifupa inavyomruhusu.

Kuna vidonge vya mitishamba vilivyouzwa Marekani kwa jina la PC-SPES. PSA za watu zilishuka kweli. Mwaka 2002 viliondolewa sokoni, baada ya maabara kukuta ndani yake warfarini, dawa inayozuia damu kuganda. Vilikutwa pia na homoni ya kike ya kiwandani. Basi unga ukishusha PSA, usishangilie, uliza umechanganywa na nini.

Pesa za mnada wa korosho zikitoka, wauzaji hawa huwa wengi vijijini, na vipaza sauti vyao. Mwanaume anayekojoa kwa shida anakunywa unga mwaka mzima, akija kwetu mgongo unamuuma, na mifupa imeshaingiliwa. Kwa wenye saratani iliyofika mifupani: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana uti wa mgongo ukibanwa zinahesabiwa saa, na miguu ikishapooza kabisa mara nyingi hairudi.