Tovuti ya nyumbani inaweza kujisasisha yenyewe?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina tovuti yangu ya picha za Mapango ya Amboni na Magofu ya Tongoni. Inakaa kwenye kompyuta mpakato ya zamani hapa nyumbani Chumbageni, Tanga, na intaneti ni ya laini ya simu. Kila nikirekebisha ukurasa nahamisha mafaili kwa flashi, kisha nawasha programu upya kwa mkono. Nasikia makontena yanaweza kunipunguzia kazi hiyo. Nianzie wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kompyuta hiyo inatosha. Iwekee mfumo endeshi wa Linux, na Docker, programu inayoendesha makontena, yaani maboksi yanayobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji. Faili la Dockerfile litaeleza tovuti inavyojengwa, na compose.yaml jinsi kontena linavyoendeshwa. Humo usisahau kuandika `restart: unless-stopped`, ili umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ikiwaka tu tovuti nayo irudi kazini.

Msimbo uweke GitHub, hifadhi ya msimbo mtandaoni, na uipange ijenge imeji mpya (kifurushi cha tovuti ambacho kontena huanzishwa nacho) kila unapotuma mabadiliko.

Wengi hukwama kwenye kuifikisha imeji nyumbani. Maelekezo mengi yanataka mashine ya GitHub iingie kwenye seva yako kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Kwa seva ya kukodi ni sawa. Laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya IP ya peke yako; mnachangia moja wateja wengi, kwa hiyo kutoka nje hakuna awezaye kukubishia hodi. Basi geuza mwelekeo, kompyuta yako ndiyo iende kuchukua. Weka kazi ya cron (kipanga ratiba cha Linux) ambayo kila dakika 10, ndani ya folda ya tovuti, itaendesha:

`docker compose pull && docker compose up -d`

Imeji ikiwa ileile, kontena haliguswi. Ikibadilika, Docker huteremsha matabaka mapya tu, yaani sehemu za imeji zilizobadilika, na bando lako linapona. Wageni wa tovuti nao wanakutana na ukuta huohuo wa IP. Ongeza kontena la Cloudflare Tunnel, ambalo hufungua njia kutoka ndani kwenda kwa kampuni ya Cloudflare, na wageni hupitia huko.

Nakusihi sana, picha usizitie ndani ya imeji wala kontena. Zitaivimbisha imeji, na chochote kilichoandikwa ndani ya kontena hupotea linapobadilishwa. Ziache kwenye folda ya kompyuta, uiunganishe na kontena kwa kipengele cha `volumes` ndani ya compose.yaml, na nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje.

Kila imeji ipe pia lebo ya toleo lake. Toleo jipya likiharibika, andika lebo ya zamani kwenye compose.yaml, endesha amri ileile, na tovuti inarudi ilivyokuwa.