Matundu ya pua yasiyolingana
Matundu ya pua yasiyolingana yanarekebishika ndio, kwa opresheni, ila sio kwa zile klipu za kubana pua wala masaji, hizo ni kupoteza hela tu. Mi nafanya kazi kitengo cha masikio, pua na koo, na wengi wanaokuja na tundu moja kubwa moja dogo shida iko ndani, ule ukuta wa kati wa gegedu umepinda, kwahiyo daktari akikata ngozi ya nje tu bila kuunyoosha huo ukuta pua inabaki imekaa upande vilevile, ndo maana lazima akuchungulie ndani kwanza. Sindano za filla, yaani jeli ya kujazia chini ya ngozi, nazo zipo ila pale puani mishipa ya damu ni midogo, ikizibwa ngozi inaweza kufa na hata jicho kupofuka, sio mchezo. Alafu ukishafanyiwa opresheni usianze kugombana na kioo wiki ya pili, uvimbe unaisha taratibu, unaweza kufika mwaka mzima. Kulingana mia kwa mia usitegemee, na selfi za karibu ndo zinaipotosha pua zaidi.