Kupandisha RSA hadi 8192 hakutakusaidia

Mkuu, salama? Nimekuelewa hivi: ofisi ya mawakili hapo Posta, nyaraka za wateja zinakwenda kwa barua pepe zilizofungwa na GnuPG (programu ya kufunga ujumbe kwa siri) kwa RSA 4096, yaani mbinu ya RSA yenye ufunguo wa biti 4096, na unauliza kama 8192 itawakinga na kompyuta za kwanta, zile mashine zinazohofiwa kuja kuvunja kufuli hizi. Hapana. Utaongeza uzito tu. Mbinu ya mwanahisabati Peter Shor ya 1994, ya kutumia kompyuta hizo, inailenga hesabu yenyewe ambayo RSA imejengwa juu yake, na hata Curve25519, mbinu nyingine ya kufunga, haiponi.

Kabla hujagusa ufunguo, kaa na bosi wako muulizane: barua ipi lazima ibaki siri miaka 15 ijayo? Mtu anaweza kuinasa leo, akaihifadhi, akaja kuifungua mashine ikipatikana. Mkataba wa pango la mwaka mmoja achana nao. Wasia na kesi za viwanja vya Mbweni, hapo ndipo pa kuhangaikia. Zilizokwisha kutumwa kwa RSA hazirudishiki, tusidanganyane.

Halafu andika gpg --version kwenye terminal uone toleo la GnuPG ulilonalo. Matoleo ya 2.5 yana Kyber, mbinu iliyobuniwa kuhimili kompyuta za kwanta, ambayo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, waliipitisha Agosti 2024 kwa jina la ML-KEM. Ufunguo wake huchanganya mbinu ya zamani na mpya, kwa hiyo moja ikivunjwa nyingine ipo. Kikwazo ni mpokeaji: akiwa bado na 2.4, hafungui kitu. Anza na wale mnaoandikiana kila siku. Sahihi za kidijitali zinaweza kusubiri kidogo, maana kuzighushi kunahitaji mashine iwepo kwanza.

Kwenye seva angalia OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya seva; kuanzia 3.5 inapendekeza yenyewe X25519MLKEM768, mchanganyiko wa mbinu ya zamani na ML-KEM, ila upande wa pili nao uikubali.

Tupia hapa toleo lako tuone.